DAWA YA HOMA YA INI SI YA MWEZI MMOJA



Tangu mwaka jana wanachama wamekuwa wakiingia ofisini mwetu wakiwa na karatasi ndogo mkononi. Karatasi yenyewe haina maneno mengi: jina la mtu, tarehe, herufi HBsAg, na mbele ya herufi hizo alama ya kujumlisha. Mmoja aliipata alipokwenda kupimwa ili aende kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Aliambiwa hafai, akarudishiwa pasipoti yake, na hapana aliyemweleza neno lingine. Wa pili alikwenda kutoa damu kwa ajili ya shemeji yake aliyelazwa. Wa tatu alikuwa mja mzito, akapimwa kliniki. Wote watatu waliuliza swali moja: Je, nitakufa? Na baada ya hilo likaja la pili, kwa sauti ya chini zaidi: Je, nitafukuzwa kazi?

Sisi si madaktari, wala gazeti hili halitaki kujifanya daktari. Lakini twajua kusoma, tumewauliza wanaojua, na tumeona kwa macho yetu wanachama wawili wakiumia kwa kukata shauri vibaya juu ya dawa. Mmoja alimeza dawa isiyofaa kwa miaka miwili. Mwingine aliacha dawa iliyomfaa sana. Kwa hiyo habari ya nyongeza ya nauli, ambayo tuliahidi kuiandika katika toleo hili, tumeiweka kando mpaka toleo lijalo. Tafadhali mtuwie radhi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Homa ya ini ya B huletwa na virusi vinavyokaa katika damu na maji ya mwili. Huingia kwa njia ya damu, kwa njia ya kujamiiana, na mama aweza kumpa mtoto wake wakati wa kuzaa. Haiingii kwa kushikana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kutumia choo kimoja. Twasema hivi kwa nguvu maana katika karakana moja wenzetu walimtengea mtu kikombe chake na kukiandika jina kwa rangi nyekundu. Ni aibu, na waliofanya hivyo wanajijua.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hushinda wenyewe. Chini ya watu 5 kati ya 100 ndio wanaobaki na virusi. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 95 kati ya 100 hubaki navyo. Maana yake ni kwamba wengi wetu wenye ugonjwa huu waliupata kabla hawajajua kutembea, seuze kujua baa. Basi swali la "Ulifanya nini wewe hata ukapata?" ni swali la kijinga. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwaka 2001, na wengi wetu tulio kwenye mashine leo tulizaliwa kabla ya hapo. Damu ikiendelea kuonyesha alama ile kwa zaidi ya miezi 6, ugonjwa huitwa wa kudumu. Hapo ndipo mambo ya dawa yanapoanza.

Je, kila mwenye alama ameze dawa? La. Jambo hili ndilo watu wasilotaka kulisikia. Mtu akiisha kuona ile karatasi hutaka dawa siku hiyo hiyo, na wako wenye maduka ambao hawatamnyima. Lakini wako wenye virusi ambao ini lao halijaumia na virusi vyao ni vichache. Hawa kazi yao ni kurudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa kama daktari atakavyopanga, maana ugonjwa huu hubadilika. Mtu aweza kukaa miaka 15 kwa amani, halafu ini likaanza kuchomeka bila maumivu yo yote. Na wako wengine ambao yafaa waanze dawa mara moja, ijapokuwa wanajiona wazima na wanapandisha magunia kama kawaida. Kwa macho huwezi kuwatenga hawa na wale.

Mpaka hivi karibuni mlango wa dawa ulikuwa mwembamba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ulisema kwamba mtu ambaye ini lake halijasinyaa aanze dawa akiwa amepita umri wa miaka 30, vipimo vya ini vibaya kila mara, na virusi zaidi ya vipimo vya kimataifa 20,000 katika mililita moja ya damu. Mwezi wa Machi 2024 shirika hilo lilifungua mlango zaidi. Sasa vipimo 2,000 vyatosha ikiwa na kile kipimo cha ini kiitwacho ALT kimepita kiwango, yaani 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Mtu ambaye ini lake limeanza kupata makovu aanze dawa hata kama hesabu ya virusi haijulikani. Vivyo hivyo mwenye virusi vya UKIMWI pamoja na B, mwenye ugonjwa wa sukari, au mtu ambaye katika ukoo wake mmoja alikufa kwa saratani ya ini. Na mahali ambapo mashine ya kuhesabu virusi haipo, ALT iliyo juu kila mara yatosha kuanza. Mwanachama aliyepimwa zamani akaambiwa "wewe bado" afahamu kwamba ile "bado" ilikuwa ya mwongozo wa zamani. Arudi akaulize tena.

Makovu ya ini yanajulikanaje? Iko mashine ya kupima ugumu wa ini, lakini si kila wilaya inayo. Iko pia hesabu ambayo mtu ye yote aliyemaliza darasa la saba aweza kuifanya, na twaiandika hapa kwa sababu wenzetu wengi hupewa matokeo ya maabara wasiambiwe maana yake. Chukua kipimo cha AST. Kigawanye kwa kiwango cha juu cha kawaida kilichoandikwa na maabara pembeni. Zidisha kwa 100. Halafu gawanya kwa hesabu ya chembe za kugandisha damu kwa maelfu. Mfano: AST ni 60, kiwango cha juu ni 40, chembe ni 200. Sitini kwa arubaini ni moja na nusu. Mara 100 ni 150. Gawanya kwa 200, wapata 0.75. Shirika lasema ikipita 0.5 kwa mtu mzima, dawa yafaa. Ikipita 1, yaelekea ini limekwisha kusinyaa. Vipimo hivi viwili ni vya kawaida. Lakini usijihukumu nyumbani kwa kalamu yako: pombe ya jana au ugonjwa mwingine waweza kuipandisha AST. Peleka hesabu yako kwa daktari, umwulize.

Sasa dawa zenyewe. Twazipima kama mfanyi kazi anavyopima, maana dawa iliyo nzuri kitabuni yaweza kuwa mbaya kwa mtu wa zamu ya usiku.

Iko sindano ya interferoni. Huchomwa mara moja kila juma kwa majuma 48, kisha imekwisha. Huo ndio uzuri wake, kwamba ina mwisho, na kwa watu wachache virusi hupigwa vikanyamaza baadaye bila dawa. Lakini huleta homa, maumivu ya mwili mzima, na wengine huingiwa na huzuni kubwa hata wasiweze kukaa na watu. Yataka kuwekwa mahali pa baridi, ni ghali, na mtu ambaye ini lake limezidiwa hapaswi kuipata. Mwenzetu mmoja aliyeitumia zamani alituambia kwamba siku ya pili baada ya sindano haikuwa siku ya kazi, na siku za kazi katika juma ni chache. Mwongozo wa 2024 umeweka mbele vidonge, na sisi twaona sababu.

Kidonge cha kwanza kilikuwa lamivudini, kilichoruhusiwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1998. Ni chepesi kwa mwili na bei yake ni ndogo. Shida yake ni moja nayo ni kubwa: virusi hukizoea. Katika watu wanaokitumia peke yake kwa miaka 5, karibu 70 kati ya 100 virusi vyao hugeuka na dawa haiviwezi tena. Huyu ndiye mwanachama wetu wa kwanza tuliyemtaja. Aliuziwa lamivudini dukani, akameza miaka miwili akijisifu kwamba amepata dawa rahisi. Alipopimwa, virusi vilikuwa vingi kuliko alipoanza. Na hasara haikuishia hapo, kwa sababu virusi vilivyoizoea lamivudini huwa vimekwisha kuionja nusu ya njia ya dawa nyingine iitwayo entekaviri. Kwa hiyo twasema waziwazi: mtu akikuuzia lamivudini peke yake kwa homa ya ini ya B, mrudishie.

Entekaviri ilikuja mwaka 2005. Kwa mtu ambaye hajapata kutumia lamivudini ni dawa imara sana: baada ya miaka 5, virusi huizoea kwa mtu kama 1 tu katika 100. Haisumbui sana figo wala mifupa, na mzee mwenye figo dhaifu aweza kupewa kwa kipimo kilichopunguzwa. Lakini lazima imezwe tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya kula tena. Mtu wa ofisini asema hilo si kitu. Mtu anayeingia zamu saa kumi na mbili jioni, akala saa sita ya usiku wakati mashine inaposimama kwa nusu saa, na kulala mchana, yampasa akae chini na saa yake aitafute nafasi hiyo. Yapatikana, wengine wameza wakiamka. Kwa mwanamke mwenye mimba, au anayeitarajia, hii siyo dawa yake.

Tenofoviri ndiyo ambayo wengi wataandikiwa. Ile ya kawaida, ambayo herufi zake ni TDF, ni kidonge kimoja cha miligramu 300 kila siku, pamoja na chakula au bila chakula. Iliruhusiwa kwa ugonjwa huu mwaka 2008, na watu waliofuatwa kwa miaka 8 hawakuonekana virusi vyao vimeizoea. Mama mja mzito aweza kuitumia. Mwenye virusi vingi hupewa kuanzia katikati ya mimba ili asimwambukize mtoto, na mtoto huchanjwa ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Ubaya wake ni kwamba kwa watu wachache huumiza figo na kupunguza nguvu ya mifupa, na kwa hiyo figo lazima zipimwe kabla ya kuanza na baadaye pia. Hapa tuna neno na wapakizi na madereva wetu. Wengi wenu mnameza vidonge vya maumivu ya mgongo kila siku kama peremende. Vidonge vya namna hiyo, kama vile diklofenaki, vikitumiwa kwa wingi pamoja na tenofoviri vyaweza kuziharibu figo ghafula. Mwambie daktari habari ya mgongo wako, usimfiche.

Iko tenofoviri mpya zaidi, TAF, ya miligramu 25, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016. Huzihurumia figo na mifupa zaidi, nayo yafaa kwa mtu ambaye ile ya kawaida haimfai. Bei yake iko juu na si kila duka linayo. Kwa maoni yetu mtu ambaye figo zake ni nzima hana haja ya kuuza mbuzi aipate TAF.

Kabla ya kuanza tenofoviri peke yake au entekaviri, pima UKIMWI kwanza. Dawa hizi hugusa virusi vya UKIMWI kidogo tu bila kuvishinda, na virusi hivyo vikijifunza kuishi nazo, utakuwa umejifungia mlango. Mwenye yote mawili hupewa kidonge kilichochanganywa ambacho ndani yake mna tenofoviri, na kidonge kimoja hicho huyatazama maradhi yote mawili.

Sasa twafika penye uzito: dawa hii inamezwa mpaka lini?

Vidonge huzuia virusi visizaane. Haviving'oi. Ndani ya chembe za ini virusi huacha namna ya mbegu ambayo dawa za leo haziifikii, na mbegu hiyo hungoja. Watu ambao ile alama ya HBsAg yenyewe huondoka kwa kutumia vidonge ni wachache mno, kama 1 katika 100 kwa mwaka, au hata chini. Wenye elimu wanajaribu sindano mpya za kuifikia, na tukisikia habari ya hakika tutaiandika. Lakini anayeanza leo aanze akijua kwamba anaanza safari ya miaka mingi, na kwa wengi ni ya maisha yote.

Mwanachama wetu wa pili alikuwa ametumia tenofoviri miaka mitatu. Virusi havikuonekana tena katika damu. Kazi ilipopungua yeye na wenzake walisimamishwa kwa muda, mfuko ukakauka, na akawaza kwa akili ya kawaida: mimi ni mzima, watoto hawajalipiwa shule, dawa na ingoje. Ilingoja miezi minne. Asubuhi moja mkewe aliona macho yake yamekuwa manjano. Alilazwa majuma matatu, tumbo likijaa maji, na madaktari walimwambia mkewe ajiandae. Alipona, twamshukuru Mungu, naye ndiye aliyetuomba tuandike habari hii bila jina lake. Dawa ikiachwa ghafula, virusi hurudi kwa kishindo, mwili huamka kupigana navyo, na uwanja wa vita ni ini. Mtu ambaye ini lake limekwisha kusinyaa hapaswi kuacha kabisa. Wengine, wachache, huweza kuachishwa na daktari kwa masharti, huku wakipimwa mara kwa mara. Kuachishwa na mfuko ni kitu kingine.

Iko hoja tunayoisikia katika matawi, nayo si hoja ya kipumbavu. Mtu husema: "Sina maumivu. Kwa nini nijifunge na kidonge maisha yangu yote, nikawe mtumwa wa duka la dawa?" Twajibu kwa hesabu. Katika watu wazima wenye ugonjwa wa kudumu, 20 mpaka 30 kati ya 100 huishia katika ini lililosinyaa au saratani ya ini, na wengi wao hawakuwa na maumivu mpaka saa imekwisha. Mwaka 2022 watu 1,100,000 walikufa duniani kwa homa ya ini ya B. Na upande wa pili: mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya watu waliotumia tenofoviri kwa miaka 5, ambao vipande vya ini lao vilitazamwa kabla na baada. Kati ya watu 96 ambao ini lao lilikuwa limesinyaa walipoanza, 71 hawakuwa na hali hiyo tena. Zamani tuliambiwa kovu la ini halirudi nyuma. Kumbe hurudi. Hatusemi kwamba dawa huondoa hatari yote. Saratani hupungua lakini haimaliziki, na kwa hiyo mwenye ini lililosinyaa, au mwenye saratani katika ukoo, apigwe picha ya altrasaundi kila miezi 6 ijapokuwa anameza dawa.

Wengine hutuuliza habari ya mitishamba. Hatuna ugomvi na waganga, lakini hakuna mzizi tunaoujua uliokwisha kuonyeshwa kuvizuia virusi hivi, na iko mizizi inayoua ini lenyewe. Pombe na ugonjwa huu ni kama moto na petroli. Hapo hatuna la kuongeza. Lakini twaongeza juu ya mahindi. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni na Kitui watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu ya kuvu. Sumu hiyo hiyo, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka na mtu mwenye homa ya ini ya B, humwongezea sana hatari ya saratani ya ini. Unga wa bei rahisi uliotengenezwa kwa mahindi yaliyonyeshewa si rahisi kwa mtu wa namna hii.

Basi, ikiwa mambo ndivyo yalivyo, kwa nini watu hawapati dawa? Katika eneo la Afrika la Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, kati ya kila watu 1,000 wenye homa ya ini ya B ya kudumu ni 42 tu waliokuwa wamepimwa wakajua, na 2 tu ndio waliokuwa wakipata dawa. Wawili! Na dawa yenyewe si dhahabu. Shirika hilo limeandika kwamba tenofoviri yaweza kununuliwa na nchi kwa dola 2.40 za Marekani kwa mwezi. Kidonge hicho hicho kimejaa katika maghala ya dawa za UKIMWI, na mwenye UKIMWI hupewa bure, jambo ambalo twalifurahia na twalitetea. Lakini mwenye B peke yake mara nyingi huelekezwa dukani na pesa zake. Mwongozo wa 2024 umesema kwamba mahali ambapo tenofoviri peke yake haipatikani, kidonge kilichochanganywa tenofoviri na lamivudini chaweza kutumiwa, na lamivudini ikiwa pamoja na tenofoviri haileti ile shida tuliyoieleza. Kwa hiyo hoja ya kwamba dawa haipo haitutoshi. Tangu Oktoba 2024 kila mfanyi kazi anakatwa 2.75 katika kila 100 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Twataka iandikwe waziwazi mwenye B atapata nini kwa fedha hizo, vidonge na vipimo pia, maana kuhesabu virusi mara moja hugharimu kuliko dawa ya miezi mingi.

Na waajiri? Wako walio wema, na wako wengine. Kampuni moja, ambayo hatuitaji kwa kuwa shauri bado liko mezani, ilimpima mtu damu bila kumwambia inapima nini, na baada ya juma moja ikampa barua ya "kupunguza watu". Alipunguzwa yeye peke yake. Ifahamike kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa hali ya afya yake. Sheria ya Kazi ya 2007 yataja virusi vya UKIMWI kwa jina katika kifungu cha 5. Homa ya ini haikuitaja, na wakubwa wengine hujificha nyuma ya kimya hicho. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 30, yampa mtu aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Mtu wa kwenda kliniki mara mbili au tatu kwa mwaka, akingoja kutwa nzima kwenye foleni, siku hizo huzimaliza upesi, na akiugua malaria hana kitu.

Halmashauri yetu ilibishana juu ya jambo moja usiku kucha. Wengine walitaka tuwaombe waajiri wawapime watu wote bure. Wengine, na mwishoni sisi tulio wengi, tulikataa. Kipimo chenyewe ni kizuri, lakini karatasi ikikaa katika faili ya mwajiri hugeuka kuwa kitu kingine. Tumekubaliana kudai hivi katika mapatano mapya: kupimwa kwa hiari, katika kliniki isiyo ya kampuni, na matokeo yawe ya mfanyi kazi peke yake, ruhusa ya kliniki yenye mshahara isiyohesabiwa katika siku za ugonjwa, na karatasi ya kliniki iandikwe "kliniki" tu bila jina la ugonjwa, na mtu akisimamishwa kazi kwa muda, matibabu yake yaendelee, ili asije mwingine akaiambia dawa ingoje. Wafagizi, wazoa taka na watu wa huduma ya kwanza, ambao hushika damu na sindano zilizotupwa, wachanjwe mara zote 3 kwa gharama ya mwajiri. Na vibarua wa kontrakta wahesabiwe pamoja nasi, maana ndio wanaoshika taka zenyewe.

Barua yenye madai haya imepelekwa kwa waajiri, na nakala imebandikwa katika ubao wa kila tawi. Mwanachama mwenye karatasi ile ndogo aje ofisini Jumamosi baada ya kazi. Hatutaandika jina lake mahali po pote, na yule mwenzetu wa tenofoviri amekubali kukaa nasi siku hiyo kuzungumza na ye yote atakayependa. Waajiri wakijibu, tutayapiga chapa majibu yao hapa, neno kwa neno.